Litfiba walipokuwa wa kila mtu: shabiki wa zamani ana haki ya kununa?

Besi_wa_Maweni:

Salaam wadau. Najua humu wengi ni watu wa taarab, rege na bongo, lakini mwenye kujua roki ya Kitaliano naomba asogee karibu. Asiyejua pia aje, maana swali lenyewe ni la muziki wowote.

Napiga besi kwenye bendi ya watu wanne hapa Malindi. Msimu ukichangamka tunapiga Ijumaa na Jumamosi kwenye mkahawa mmoja upande wa Casuarina, na wateja karibu wote ni Wataliano: wastaafu wenye nyumba zao hapa, na wale wa kuja Agosti na Desemba wakarudi zao. Malindi mnaijua, hata muuza madafu anakupunguzia bei kwa Kitaliano. Basi tunawapigia za kwao, na bendi inayoombwa kuliko zote ni Litfiba.

Kwa wasiowajua: Litfiba ni watu wa Firenze, walianza 1980. Sauti ni ya Piero Pelù, gita Ghigo Renzulli, besi Gianni Maroccolo, kinanda Antonio Aiazzi. Miaka ya 80 walitoa albamu tatu, Desaparecido (1985), 17 Re (1986) na Litfiba 3 (1988), zote tatu kwa ajili ya watu walioonewa na wenye mamlaka. Muziki wenyewe una giza, unazunguka, haukupi kiitikio mapema. Halafu 1990 ikatoka El Diablo: gita limepanda mbele, viitikio vya kuimbwa na uwanja mzima, na Italia yote ikawajua. Wakaja kufika kwenye Infinito ya 1999, ambayo kwa masikio yangu ni pop iliyoshikishwa gita. Mwaka huohuo Pelù akatoka.

Sasa njooni mkahawani. Tukipiga za Infinito, watu wanaimba mpaka wapishi wanachungulia. Kuna mama mmoja huiacha pasta ipoe, ananyanyua uma juu, anaimba macho kafumba. Tukiingiza wimbo wa 17 Re, meza nzima wanashika simu, isipokuwa wazee wawili wanaokaa karibu na mlango wa jikoni. Hao wanabadilika sura, mmoja anapiga meza kwa kidole, na hapotezi mdundo. Lakini tukirudi 1999, yuleyule anakunja kitambaa chake cha mezani, mara ya kwanza, mara ya pili, anakiweka kando ya sahani na kutoka nje kuvuta sigara mpaka wimbo uishe. Juzi alinijia nikikunja waya, akaniambia Litfiba ilikufa 1989, na kwamba sisi tunawapigia watu waliokodi jina la marehemu.

Nami nina upande, sifichi. Besi nimejifunzia kwenye kaseti ya 17 Re, aliyoachiwa mjomba wangu na Mtaliano mmoja wa kupiga mbizi alipohama. Hewa ya chumvi ilishaila, kwa hiyo katikati ya upande wa pili sauti inazama kidogo na kurudi, na mpaka leo nikipiga pale mkono wangu unataka kulegea. Maroccolo hamfuati mpiga dramu kama mtumishi. Besi yake ndiyo inayotembea na wimbo, gita linaingia na kutoka. Ukija kwenye hizi za baadaye, kazi yangu nasimama kwenye noti moja nasukuma, nasukuma, hadi kiitikio. Naweza kupiga huku naangalia nani kaagiza kamba.

Kwa hiyo naulizia. Bendi uliyoipenda ikiwa ngumu, ikirahisishwa ili kila mtu aingie, una haki ya kununa? Au ni choyo tu, tunataka kitu kiwe chetu peke yetu? Na mimi Ijumaa nimpigie nani, mama wa uma au mzee wa kitambaa?

---

FundiSpika:

Anayelipa bili. Mzee na mwenzake wanagawana pizza moja tangu saa moja mpaka saa nne, nimewaona kwa macho yangu. Piga za 1999, mlipwe, mnilipe na mimi.

---

Chuma_Langoni:

Kaka, umenigusa. Mimi niko Amu, na huku ukisikiliza metali kwa sauti majirani wanafikiri unahitaji kusomewa. Nasikiliza kwa spika za masikioni nikipaka rangi majahazi.

Kesi yako mimi naijua kwa Metallica, bendi ya metali ya Marekani, ila kwetu imekwenda kinyume. Mwaka 1988 walitoa ...And Justice for All: nyimbo ndefu, zinakata kona kila dakika, mashabiki wagumu wanaiapia. Sasa wewe mpiga besi isikilize uniambie unasikia nini. Husikii! Jason Newsted alikuwa ndiyo kwanza ameingia baada ya mpiga besi wao Cliff Burton kufariki kwenye ajali ya basi Sweden 1986, na kwenye kuchanganya sauti besi yake ikashushwa mpaka ikapotea. Kwa albamu ya 1991, ile nyeusi, wakamchukua Bob Rock kama prodyuza, wakafupisha nyimbo, wakapunguza mwendo, wakaweka hata wimbo wa mapenzi. Wagumu wakasema wameuza roho. Lakini besi ndiyo ikarudi! Ile albamu nyeusi ukiifungulia kifua kinatetemeka. Imeuza nakala zaidi ya milioni 16 Marekani peke yake, na mimi mmoja wa walioingilia hapo. Bila 1991 nisingerudi nyuma kuitafuta ya 1986.

Kwa hiyo usiseme rahisi inaua besi. Inategemea nani amekaa kwenye mashine ya kuchanganya na ana kinyongo na nani.

---

Besi_wa_Maweni:

@Chuma_Langoni hapo umenibana. Justice naijua, na ni kweli, nilidhani mwanzoni spika yangu mbovu.

@FundiSpika wanagawana pizza lakini wanakunywa mvinyo wa chupa, uliza kaunta.

---

Bi_Kinanda:

Wanangu, hiyo roki yenu siijui, lakini kununa nakujua. Nimekulia Shela, Shela ya hapa Malindi si ile ya Lamu, na nyumbani kwetu harusi haikuitwa harusi bila taarab.

Mnamjua Zein l'Abdin, mtu wa Lamu, Mungu amrehemu. Alishika udi wake na mahadhi ya Kiarabu, na mashairi ya kale ya Kiamu ambayo wengine wetu hatukuyaelewa mpaka tuulize wazee. Sasa mchukueni Juma Bhalo, wa hapahapa kwetu. Yeye alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, mahadhi ambayo kila mtoto aliyeingia sinema alikuwa anayaimba njiani, akayavisha Kiswahili. Kwa hesabu zenu huyo ndiye aliyerahisisha, si ndiyo? Lakini sikilizeni maneno! Mengi yaliandikwa na Ahmad Nassir, na Ahmad Nassir hakuwa mtu wa kukutafunia. Unaimba mahadhi mepesi mchana kutwa, usiku ndiyo fumbo linakufungukia, unajua nani kasemwa.

Kilichokuja kunikera mimi ni baadaye, mipasho ilipoanza kumtaja mtu mpaka rangi ya kanga yake. Wengine wakasema tatizo ni vinanda vya umeme. Mimi napenda kinanda, jina langu mnaliona. Tatizo lilikuwa shairi limevuliwa nguo.

Kwa hiyo mwanangu wa besi, nikuulize wewe unayejua Kitaliano: huyo muimbaji, maneno yake nayo yalishuka, au ni vyombo tu vilivyopungua?

---

Besi_wa_Maweni:

Shikamoo Bi. Swali zuri, na nimelala nalo.

Za zamani zina vita, wafalme, makanisa, askari, watu waliopotezwa na serikali zao. Maneno mafupi, yanarukaruka, unaunga mwenyewe. El Diablo ukilitazama bado lina ulimi, anawacheka wanaomwona shetani kila mahali. Terremoto ya 1993 ndiyo kabisa, Italia wakati ule viongozi wanakamatwa kwa rushwa kila wiki, naye anaimba kwa hasira, na gita ni zito kuliko popote. Hapo huwezi kusema walilegea, mzee wa kitambaa anasahau hiyo. Ukifika 1999 ndiyo unakuta mwili wangu, safari yangu, mapenzi yangu. Si mashairi mabaya, lakini ukiyasikia mara moja umeyamaliza.

Kwa hiyo ni vyote viwili, Bi, ila havikushuka siku moja.

---

MtotoWaBarani_Italia:

Jamani, nimeolewa huku na mume wangu ni shabiki wa Litfiba wa kugombana mezani, kwa hiyo hii kesi naishi nayo. Niongeze mawili matatu.

Kwanza, watu wanasema "walibadilika" kama vile ni watu walewale waliokaa wakaamua. Maroccolo aliondoka 1989, kabla ya El Diablo. Mpiga dramu Ringo De Palma naye akaondoka, na 1990 akafariki. Ukitoa besi na dramu kwenye bendi ambayo sauti yake ilikuwa besi na dramu, kinachobaki ni gita na sauti, na gita na sauti vikafanya kile vinachojua. Mume wangu anasema ni pesa. Mimi namwambia hesabu viti.

Pili, kuanzia El Diablo walikuwa na mpango: albamu nne kwa asili nne, moto, kisha ardhi (Terremoto), hewa (Spirito, 1994) na maji (Mondi Sommersi, 1997). Mtu anayetaka fedha ya haraka hapangi kitu cha miaka saba.

Tatu, na hii ndiyo ninayoipenda. Maroccolo alipotoka alikwenda kwa CCCP, bendi ya wagumu kweli, na kutoka hapo ikazaliwa C.S.I. Mwaka 1997 C.S.I. wakatoa Tabula Rasa Elettrificata, albamu iliyotokana na safari ya Mongolia, haina hata wimbo mmoja wa kukubembeleza. Ikashika namba moja Italia! Yule aliyeondoka kwenye njia nyepesi akakaa juu ya chati na muziki mgumu. Muulize mzee wako, siku ile alinuna au alishangilia? Maana wapo walionuna hata hapo, mume wangu ni shahidi. Wakiona kaseti yao kwa binti wa saluni wanahisi wameibiwa.

Na 2013 Maroccolo na Aiazzi walirudi jukwaani na Pelù na Renzulli, wakazunguka na nyimbo za miaka ya 80 tu. Tafuta rekodi ya ziara hiyo, inaitwa Trilogia. Utasikia besi yako bila ule mzamo wa kaseti.

---

Besi_wa_Maweni:

Dada, hilo la kuhesabu viti nimelichukua. Ndilo nililokuwa nalizunguka bila kulishika: nilikuwa nanunia wepesi, kumbe namkosa mtu mmoja mwenye nyuzi nne. Na Infinito haikumfukuza yeye, ilimkuta hayupo kitambo. Binti wa saluni aimbe, hanipunguzii kitu.

Rekodi ya 2013 nimeipata. Pale panapozama kwenye kaseti, kumbe pana noti tatu ambazo sijawahi kuzipiga maishani.

Ijumaa tumekubaliana hivi na wenzangu. Wimbo wa 17 Re tunaufungulia nao, chakula hakijafika, watu hawana la kufanya. Kisha ule wa 1999 anaoupenda mama wa uma tutaupiga kama ulivyo juu, sauti na gita visiguswe, ila chini naacha kusimama kwenye noti moja. Natembea. Nimeujaribu jana na mpiga dramu sebuleni kwake, beti la pili linakaa vizuri kabisa, kwenye kiitikio bado tunagongana. Mzee akikunja kitambaa na hapo basi ana lake jambo.

---

Chuma_Langoni:

Rekodi utuwekee. Na umwambie mtu wa mashine asikufanyie ya Newsted.

---

FundiSpika:

Mtu wa mashine ni mimi. Besi nitaipandisha, lakini ile spika ya kushoto koni yake imepasuka tangu Ramadhani na ukianza kutembea chini huko italia kama mbuzi. Nilishasema inunuliwe nyingine, mkanunua taa.