Watumishi wa afya wanaripoti kijijini kisha wanaondoka: tufanye nini ili wabaki?

Mwenyekiti wa Kamati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa zahanati katika kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Zahanati yetu ilijengwa wakati wa Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, yaani MMAM wa 2007 hadi 2017, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walifyatua matofali na kusomba mchanga na maji, kisha serikali ikapaua na kuleta vifaa. Jengo ni zuri na dawa za msingi hupatikana. Kinachotusumbua ni watumishi. Tabibu anapangiwa kituo, anaripoti na barua yake, anakaa mpaka athibitishwe kazini, halafu tunasikia amehamishiwa makao makuu ya wilaya au amefuata mwenza mkoa mwingine.

Kwa sasa tunaye muuguzi mmoja tu. Asubuhi anapima wajawazito na kuchanja watoto, mchana anatibu malaria na vidonda, usiku anaamshwa kuzalisha, na mwisho wa mwezi analazimika kufunga mlango ili apeleke wilayani taarifa za MTUHA, yaani takwimu za huduma za afya. Mgonjwa anayefika siku hiyo hukuta kufuli. Nyumba ya mtumishi tulianza kuijenga, lakini boma limeishia kwenye linta na miti imeanza kuota ndani yake, kwa hiyo muuguzi wetu amepanga chumba upande wa pili wa kijiji na usiku hufuatwa na ndugu wa mjamzito wakiwa na tochi.

Najua ajira hutolewa na serikali kuu, na kijiji hakiwezi kuajiri tabibu kwa muhtasari wa mkutano. Ninachoomba kwenu ni maarifa ya yale yaliyo ndani ya uwezo wa kijiji, kata na halmashauri. Kwa wale mliowahi kufanya kazi vijijini, ni nini hasa kiliwafanya mbaki, na ni nini kiliwafanya muondoke?

---

Mkunga wa Mwambao alijibu:

Mwenyekiti, pole kwa hali hiyo, na nakupongeza kwa kuwauliza watumishi wenyewe, kwa kuwa mara nyingi hujadiliwa bila wao kuwepo.

Nimefanya kazi kwa muda mrefu katika zahanati ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo wakati wa masika usafiri wa uhakika ni boti. Kilichonibakiza si posho, maana hakukuwa na posho ya ziada ya kuhesabika. Jambo la kwanza ni kwamba nilipofika nilikuta nyumba yenye mlango unaofungika, iliyo hatua chache kutoka chumba cha kuzalishia. Mkunga anayelala mbali na zahanati huogopa kutoka usiku, na akiogopa, akina mama hujifungulia nyumbani. Jambo la pili, lililonisaidia kuliko nyumba, ni kuletewa mwenzangu. Nilipokuwa peke yangu sikuweza kuugua, kwenda msibani wala kulala usiku mzima. Kuna usiku mama alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mkono mmoja ulikuwa ukikanda mfuko wa uzazi na mwingine ukitafuta oksitosini, dawa ya kuzuia damu, huku mama mkwe wake akinishikia simu itumulikie. Yule mama alipona. Hata hivyo nilikuwa nimeamua kuomba uhamisho, na nisingebadili nia kama mwaka ule halmashauri isingemleta muuguzi wa pili.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mkipata nafasi ya kuzungumza na Mganga Mkuu wa Wilaya, msiombe mtumishi mmoja, ombeni wawili kwa pamoja. Mtumishi mmoja huchoka na kuondoka, anayekuja baada yake hukuta kituo kitupu naye huchoka, na mnabaki katika mzunguko huohuo.

---

Daktari wa Kata alijibu:

Naheshimu sana maelezo ya dada yangu hapo juu, lakini naomba nizungumze kwa niaba ya wale walioondoka, kwa sababu mimi ni mmoja wao na sioni kwamba tulikosa uzalendo.

Nilipangiwa kituo cha afya kipya, nikaenda kwa moyo mmoja. Fedha za kujikimu, ambazo ni stahiki ya mwajiriwa mpya, zilichelewa kwa miezi, na wiki za mwanzo nilikula kwa kukopa dukani kwa mtu ambaye ndiye niliyekuwa nikimtibia watoto. Kila nilipofuatilia wilayani niliambiwa nisubiri. Fikirieni somo analojifunza kijana katika wiki zake za kwanza kazini: kwamba aliyeko mbali ndiye anayekumbukwa mwisho. Baada ya hapo hata ahadi ya kweli haiaminiki. Chumba cha upasuaji kilikuwepo, lakini mtaalamu wa usingizi hakuwepo, hivyo mama aliyehitaji kupasuliwa nilimwandikia rufaa nikamsindikiza kwa macho huku ujuzi ninao mikononi. Hilo liliniumiza kuliko kukosa fedha, kwani daktari asiyefanya kazi aliyoisomea huona ujuzi wake ukipotea siku baada ya siku.

Kisha kuna suala la mwenza. Mke wangu ni mwalimu. Walimu wa shule za serikali na watumishi wa zahanati na vituo vya afya wote wako chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Ina maana kwamba mamlaka ileile inayompanga tabibu ndiyo inayompanga mwalimu, na shule ya msingi ya kijiji chenu bila shaka nayo ina upungufu wa walimu. Mkimpata tabibu ambaye mwenza wake ni mwalimu, au muuguzi ambaye mume wake ni afisa ugani, halmashauri ikawaweka kata moja, mtakuwa mmejaza nafasi mbili na kuondoa sababu kubwa ya uhamisho kwa barua moja. Mimi niliomba hivyo sikujibiwa, na ndipo nikamfuata mke wangu.

---

Mganga Mstaafu alijibu:

Nimesoma maoni yote kwa makini. Niliwahi kusimamia huduma za afya katika wilaya mbili kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajaribu kueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande wa ofisi.

Ikama ya 2014, yaani mwongozo wa idadi ya watumishi wanaotakiwa, inataja watumishi 15 kama kiwango cha chini cha zahanati, 39 kwa kituo cha afya. Ukilinganisha na muuguzi mmoja wa Mwenyekiti, utaona kwamba pengo hilo halitokani na kijiji chake peke yake. Wakati huohuo tuna vijana wengi waliohitimu vyuo vya afya ambao wako mitaani au wanajitolea hospitalini bila mshahara. Wengi mnakumbuka mwaka 2017, Rais Magufuli alipokubali kupeleka madaktari 500 Kenya kufuatia mgomo wa madaktari wa huko. Mpango ulipokwama kwa kesi iliyofunguliwa Kenya, madaktari 258 waliokuwa wameomba na kukidhi vigezo waliajiriwa hapa nyumbani mara moja. Walikuwepo muda wote. Kilichokosekana kilikuwa kibali cha ajira na fedha za mishahara.

Hata hivyo kibali kinapotoka, wilaya za pembezoni hupoteza watu kwa sababu ambazo ni zetu wenyewe. Ofisi ikiwa na upungufu makao makuu, njia rahisi ni kumvuta mtumishi wa zahanati ya mbali na kumwita "kuazimwa", na aliyeazimwa harudi. Ningependa kila halmashauri iwe na utaratibu ulioandikwa unaosema mtumishi atakaa kituo cha mbali kwa muda gani, na muda huo ukiisha atapewa nini: kipaumbele cha ruhusa ya masomo, au kituo anachokitaka, au vyote viwili. Kumzuia mtu asiombe uhamisho bila kumwambia lini atakuwa huru ni kumfundisha kutafuta njia za pembeni. Nimewaona watumishi wazuri wakivumilia mazingira magumu sana kwa sababu walijua tarehe, na nimewaona wengine wakikimbia kituo chenye umeme na maji kwa sababu walihisi wamesahauliwa.

Jambo jingine, ambalo viongozi wa vijiji hulikosa kwa kuwa linaonekana kuwa la elimu, ni asili ya mtumishi mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2010 yaliyohuishwa mwaka 2021, linashauri vyuo vichukue kwa makusudi wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Sasa angalia kwetu: ili kijana asomee utabibu anahitaji ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia kidato cha nne, na shule nyingi za kata zina walimu wachache mno wa masomo hayo na maabara zisizo na vifaa. Kwa maneno mengine, upungufu wa watabibu wa miaka kumi ijayo unaanzia kwenye maabara ya shule yenu ya kata leo. Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kukopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wa fani za afya wakiwemo, kwa hiyo kikwazo cha ada kimepungua kwa kiasi fulani. Kikwazo cha Fizikia bado kipo.

---

Mtafiti wa Sera za Afya alijibu:

Naongezea mifano michache ya nje, kwa ufupi, ili tusidhani kwamba hakuna aliyewahi kufanikiwa.

Zambia ilianza mwaka 2003 mpango wa kuwabakiza madaktari wilaya za mbali kwa mikataba ya miaka mitatu, wakipewa posho ya mazingira magumu, msaada wa ada za watoto, mikopo, na msaada wa masomo ya juu baada ya mkataba. Hapo utaona hoja ya Mganga Mstaafu ya kuwa na tarehe. Msumbiji kuna mfano ninaoupenda zaidi. Tangu 1984 ilifundisha mafundi wa upasuaji, kada ya kati inayofanana na madaktari wetu wasaidizi, na walipofuatiliwa miaka saba baada ya kuhitimu, takriban asilimia 88 walikuwa bado hospitali za wilaya, wakati madaktari wa shahada waliopangwa huko wote walikuwa wamekwisha kuondoka. Japani nayo ilianzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi mwaka 1972. Kila mkoa hupeleka wanafunzi wake, husomeshwa bila ada, kisha hutumikia mkoa huo miaka tisa.

Fedha peke yake haijatosha popote nilipofuatilia. Kenya hulipa posho ya mazingira magumu kwa watumishi wa umma katika maeneo yaliyotangazwa, na bado kaunti za Mandera na Turkana hazijapata madaktari wa kutosha. Usalama, umbali na upweke wa kitaaluma huzidi thamani ya posho.

---

Mwenyekiti wa Kamati alijibu:

Nawashukuru nyote, na hasa Daktari kwa uwazi wake. Hili la mwalimu na tabibu kuwekwa kata moja hatukuwahi kulifikiria, na shule yetu ina upungufu kweli. Naomba kuuliza tena: fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, je, kamati inaweza kuzitumia kumalizia boma?

---

Mganga Mstaafu alijibu:

Mwenyekiti, tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na kamati yako ndiyo inayopanga matumizi pamoja na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo. Lakini hutumika kwa yaliyomo kwenye mpango wa mwaka wa kituo ulioidhinishwa, na ni fedha za kuendeshea huduma: dawa, vifaa, usafi, ukarabati mdogo. Usizielekeze kwenye ujenzi wa nyumba nzima, utapata hoja ya ukaguzi na utawakosesha wagonjwa dawa. Nyumba ipeleke kwenye mpango wa maendeleo wa halmashauri kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukiambatanisha picha ya boma, makisio ya mhandisi wa wilaya, na maelezo kwamba wananchi wamekwisha kuchangia nguvu zao mpaka kwenye linta. Boma lililoanzishwa na wananchi hupata nafasi nzuri zaidi kuliko ombi la kuanzia msingi.

Katika barua hiyohiyo ombeni watumishi wawili, na tajeni wazi nafasi za walimu zilizo wazi shuleni kwenu ili afisa utumishi aone uwezekano wa kupanga wanandoa. Wakati mnasubiri, tafuteni nyumba ya jirani na zahanati mumhamishie muuguzi mliye naye, hata kama kijiji kitasaidia kodi, na muulizeni yeye mwenyewe anadai nini wilayani ili mwenyekiti wa kijiji na diwani wamfuatilie kwa barua. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, kwa hiyo maombi yenu yamfikie diwani mapema, kabla Baraza la Madiwani halijakaa kupitisha bajeti.