Mrejesho: kupunguza vitu baada ya kustaafu

Ndugu zangu, niliuliza nianzie wapi kupunguza vitu nyumbani sasa nimestaafu. Namshukuru aliyesema picha na barua zisubiri mwisho. Nilianza na nguo za kazini na vyombo vya ziada, vikaondoka bila maumivu. Kazi ilikuwa kwa watoto. Nilidhani watagombania kabati la mama yao, kumbe kila mmoja ana lake na hana pa kuliweka! Limechukuliwa na kijana anayeanza maisha. Mazulia madogo ya ukumbini nayo nimeyatoa, maana kwa umri huu kujikwaa si mchezo, nyonga ikivunjika ni habari nyingine. Hati za pensheni, bima na nyumba ziko kwenye faili moja, na binti yangu anajua lilipo. Vitabu bado, na kwa hilo msinisumbue.