Ushauri: 2000 AD, pesa ni ya vitabu viwili tu, nichukue hadithi zipi?

Jakondele: Wadau wa katuni, habarini. Niko Kisumu, na kwa wauza vitabu vya mitumba pale sokoni Kibuye huwa naokota matoleo ya zamani ya 2000 AD, lile jarida la kila wiki la Uingereza lililoanza Februari 1977. Shida mnaijua: hadithi kadhaa ndani ya toleo moja, kila moja kurasa chache, halafu itaendelea wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo Kibuye haipo.

Binamu anarudi kutoka London Desemba, amekubali kunibebea mikusanyiko miwili, yaani vitabu vinavyokusanya hadithi nzima pamoja. Mpangilio wangu: Judge Dredd, Rogue Trooper, Strontium Dog, Halo Jones, Nemesis. Nimetazama michoro zaidi. Atasoma pia mdogo wangu wa kidato cha pili. Nirekebishieni.

FundiNakuru: Kwanza mtoe Dredd, yule askari-hakimu wa mji wa siku zijazo, kwenye hiyo orodha. Huyo si hadithi moja, ni hadithi chungu nzima chini ya kofia moja. Yupo tangu toleo la pili, na umri wake unasonga na wa wasomaji. Swali ni Dredd ipi. Cursed Earth ya 1978, anavuka jangwa la mionzi kupeleka dawa upande wa pili wa Marekani, ni tamu lakini wachoraji wanapokezana na inayumba. Apocalypse War ya 1982 ameichora Carlos Ezquerra peke yake mwanzo hadi mwisho. Mji wake wa watu milioni 800 unapigwa vitani na kupoteza nusu yao, kisha Dredd mwenyewe anabonyeza kitufe na kufuta mji wa adui. Adui anaomba huruma, ananyimwa. Mwandishi hakuambii upige makofi au ulaani. Kwangu hiyo ndiyo ya kwanza.

NyarManyatta: Wanaume na mabomu, jamani! Halo Jones namba nne? Sehemu kubwa ya kitabu cha kwanza cha Alan Moore na Ian Gibson (1984) ni wasichana kwenda dukani, basi. Wanaishi Hoop, mtaa unaoelea baharini karibu na Manhattan walikosukumwa watu wasio na kazi, na kutoka tu kununua vitu vya nyumbani ni kupanga njia, saa na silaha. Kufika kitabu cha tatu, msichana huyo ni askari kwenye sayari yenye uvutano wa kuponda mtu, na muda nao unapinda: unapigana kidogo, ukitoka nje dunia imeshakuacha. Mdogo wako aanze na huyu.

MtuWaKakamega: Mzuri, sikatai. Ila Moore alipanga vitabu tisa, vikatoka vitatu, mambo yakakwama kwenye haki za umiliki. Mtu analia hadithi zinakatika, nyinyi mnampa iliyokatika?

NyarManyatta: Umesoma ukurasa wa mwisho wa cha tatu kweli? Anaondoka zake, na mlango umefungwa. Si kama kukosa toleo.

MtuWaKakamega: Haya. Mimi natetea Strontium Dog. Shujaa wake, Johnny Alpha, kazaliwa na macho yaliyogeuzwa na mionzi, na watu wa aina yake hawapewi kazi ila ya kuwinda wahalifu kwa malipo. Tafuta Portrait of a Mutant ya 1981: anayewatungia wenzake sheria za kuwakandamiza ni mwanasiasa, tena baba yake mzazi. Ilipoamuliwa Alpha auawe, Ezquerra, aliyekuwa mchoraji wa hii pia, aligoma kuchora kifo hicho, wakachora wengine. Mchoraji akimpenda mhusika hivyo, utaona hata kwenye mikono yake.

FundiNakuru: Na Rogue Trooper mshushe mpaka chini. Wazo ni kali, askari wa bluu ambaye wenzake walikufa, na akili zao anatembea nazo kwenye chipu ndani ya kofia, bunduki na begi, zikimsemesha. Lakini alikuwa anamtafuta jenerali msaliti. Alipompata, hadithi ikabaki kuzunguka tu. Matoleo uliyonayo yanatosha. Nemesis, yule kiumbe wa anga anayepigana na watawala katili wa dunia, ni ya mwaka mwingine, ile michoro inataka utulivu.

Jakondele: Asanteni sana. Halo Jones imepita, mdogo wangu ameshasoma huu uzi na hanisikii tena. Nafasi ya pili ni Apocalypse War. Kwa Strontium Dog, yeyote Kisumu au Kakamega aliye nayo, nina matoleo ya Rogue Trooper ya kubadilishana. Majalada yamechanika kidogo, ndani ni safi.