Gego la mwisho: "jino la hekima" au "jino la akili"?

Mwana wa Pangani: Habari zenu wadau. Jana nilimsindikiza mdogo wangu, miaka 21, kwa daktari wa meno. Gego la chini kulia linachomoza kwa upande, fizi imemvimba hadi hawezi kutafuna hata chapati. Daktari akasema "jino la hekima". Mama nyumbani anasema "gego la mwisho". Natafsiri kipeperushi cha afya ya kinywa, niandike lipi?

Nipo Muscat: Waarabu husema *dirs al-aql*, gego la akili. Dirs ni gego hasa; jino kwa jumla ni *sinn*. Kwa hiyo "jino la akili" limeshapoteza kitu njiani.

Mkalimani Mkongwe: Ndugu yangu, wazo ni moja: linaota mtu akishakomaa, kwa kawaida kati ya miaka 17 na 25. Walatini walisema *dens sapientiae*, Wafaransa *dent de sagesse*, yote mawili jino la hekima. Wahispania *muela del juicio*, gego la busara, nao wamelinda neno gego. Waturuki wanahesabu tu: *yirmi yaş dişi*, jino la miaka 20. Linalonigusa zaidi ni la Kijapani, *oyashirazu*, yaani wazazi hawalijui. Andika "gego la mwisho (jino la hekima)". La kwanza linamwonyesha mgonjwa pa kugusa kwa ulimi.

Mwana wa Pangani: Ahsante sana mzee wangu. Nimemsomea mama, akaweka kidole shavuni palepale. Naandika hivyo.