Mita 60 za ufukwe: matete yarudi au majaruba ya mpunga yabaki?

Ndezi wa Ghuba: Wadau, Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Huku kwetu Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Sengerema, watu wanalima mpaka miguu inalowa. Mwenye shamba auachie uoto urudi kwa gharama yake? Mimi nasema auachie. Pakiwa peupe, tope na mbolea ya kukuzia vinateremka ziwani, halafu tunalia na gugumaji. Shida watu wa mpunga kila jani la majini kwao ni "matete", dawa yake panga.

Jaruba Kavu: Mkuu, usitufundishe majani. Funjo shina lake lina pembe tatu, halina vifundo, kichwani mwavuli. Tete ni duara, lina vifundo na uwazi ndani. Umeridhika? Sasa tuambie nani ataamia ndege. Kwelea wanalala humo humo kwenye matete, mpunga ukitia maziwa wanashuka alfajiri. Ufukwe wa mita 100 mara 60 ni ekari moja na nusu. Niachie hiyo, inayobaki wale wao?

Mama Sato: Kwelea wanalala hata kwenye migunga, ukifyeka matete hawahami mkoa. Tatizo kila mtu anapanda mwezi wake, kwa hiyo wana maziwa msimu mzima. Pandeni pamoja, hasara igawanyike. Na vifaranga vya sato vinajificha kwenye hayo matete.

Jaruba Kavu: Tupande pamoja kwa maji ya nani? Anayesubiri mvua hapangi tarehe. Shangazi, dungu la kuamia ndege unalijua au unalisikia?

Mama Sato: Shangazi yako nani?

Fundi Kingo: Swali limeliwa na ndege. Mita 60 kutoka wapi? Nadhani 2019 ziwa lilipanda sana...

Ndezi wa Ghuba: Mei 2020, likaipita rekodi ya 1964.

Fundi Kingo: Haya, 2020. Ufukwe ukiwa na mteremko wa mita 1 kwa 50, maji yakipanda mita moja yameingia bara mita 50. Ukipima kiangazi, umepanda uoto ndani ya ziwa. Tena mafunjo usiyapeleke penye mawimbi, yanang'oka yanaelea; hapo weka matete. Chimba kipande cha shina la chini chenye machipukizi mawili matatu, kata majani ubakize kama sentimita 30, fukia kwenye tope lenye maji ya kina cha kiganja, nafasi mita moja. Panda mvua zikianza. Ukichelewa, maji yanarudi nyuma na miche inabaki kwenye nyufa. Ng'ombe wakipita kwenye machipukizi mara moja tu, umeanza upya. Juu ya ukingo, penye visiki vya migunga, usinunue miche: bakiza machipukizi mawili yaliyonyooka, pogoa chini mpaka nusu ya urefu.

Chunga Mbuga: Hiyo si ngitili tu, malisho ya kutengwa? Unafunga masika, unafungua kiangazi. Shinyanga mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulianza 1986 na ngitili zikarudi. Mwenye eneo anauza nyasi za kuezekea, ekari yake haijapotea.

Jaruba Kavu: Ngitili ni ya ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaovunja kingo za majaruba. Uzio analipa nani?

Fundi Kingo: Miiba ya migunga, msimu mmoja. Gharama ni panga na siku mbili.

Jaruba Kavu: Siku mbili zangu. Sheria inasema "za kudumu", mpunga ni miezi minne.

Ndezi wa Ghuba: Soma mbele kidogo: au zinazoweza kuathiri uhifadhi. Jembe lako kila mwaka linaingia humo.

Mama Sato: Bado nasubiri. Shangazi yako nani?