Nauli za Desemba Dar–Moshi: tiketi inasema 38,000, mfukoni imetoka 60,000. Huu ni wizi!

Wakuu,

Kila ikikaribia Krismasi habari ni ile ile. Wanachofanyiwa watu wanaokwenda "kuhesabiwa" Kilimanjaro, yaani kula sikukuu nyumbani, pale stendi ya mabasi ya Mbezi tusikiite "msimu". Ni wizi.

Hesabu hii hapa. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni shilingi 48.47 kwa kila kilometa kwa abiria wa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Dar mpaka Moshi weka kilometa 560. Kawaida inakuja elfu 27 na ushee, daraja la kati haifiki 38,000. Sasa nenda tarehe 22 ukaulize. Dirishani: "Zimejaa." Geuka hatua kumi, mpiga debe huyu hapa ana siti mbili "za mwisho", elfu 60 kila moja. Hizo siti hazikubaki kwa bahati. Zimekatwa mapema kwa majina ya kubuni, zikakaliwa mpaka watu wapate kiwewe.

Itazameni tiketi yenyewe. Nauli: 38,000. Jina: si lako. Pesa umetoa taslimu, kwa hiyo hakuna alama yoyote kwamba ulilipa zaidi. Na hilo jina ni hatari kuliko hata hiyo pesa. Gari likipata ajali, orodha ya abiria haikutambui, na ikifika kwenye bima ndugu zako ndio watahangaika kuthibitisha kwamba ulikuwemo.

Kuna na wizi wa daraja. Hesabu viti kwenye mstari mmoja: viwili kwa vitatu ni kawaida, viwili kwa viwili ni daraja la kati. Pazia na televisheni havilipandishi daraja gari la viti vitano kwa mstari! Au umelipia viwili kwa viwili, saa 11 alfajiri unaambiwa gari limeharibika, mnahamishiwa Coaster yenye viti vya kukunja katikati ya njia. Tofauti ya nauli hairudi.

Mizigo nayo: kiroba cha mchele kikishaingia kwenye buti ndipo konda anataja bei. Elewaneni kikiwa bado chini, na akuandikie risiti.

Wenye mabasi wanajitetea kwamba Desemba gari zinarudi Dar tupu. Sawa, mbona Januari watu wakirudi bei inapanda upande wa kule?

Na sisi abiria tuambiane ukweli. Konda anapita katikati ya siti: "Wakaguzi wakitusimamisha semeni mmelipa thelathini na nane, tusicheleweshwe." Gari zima linaitikia. Baba mwenye mke na watoto watatu amepigwa 22,000 kila kichwa, jumla 110,000, hela ambayo ingewarudisha Dar watu wanne kwa gari la kawaida, naye anaitikia! Inauma sana hii.

Kwa hiyo lipeni kwa simu, kwa lipa namba ya kampuni yenyewe, kamwe si kwa namba binafsi ya wakala. Ule ujumbe wa malipo ndio ushahidi pekee unaoonyesha kiasi halisi. Kabla hujaondoka dirishani soma jina lako, namba ya siti, saa ya kuondoka na nauli. Kimoja kikikosewa rudisha hapo hapo. Piga picha tiketi pamoja na pleti namba ya gari. Ukidaiwa zaidi, lalamika gari likiwa bado stendi, kwa maafisa wa LATRA au trafiki, maana likishafika Chalinze hakuna atakayekubali kushuka kukutetea.

Wakaguzi wakipanda, onyesheni ujumbe wa malipo, si tiketi. Na konda akiamriwa kurudisha, arudishie gari zima, taslimu, siti kwa siti, kabla dereva hajawasha.