Mnaohukumu modeli za injini za treni za dizeli: ulizeni namba ya injini kwanza, kisha ndipo mkate alama!

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko, asiyependa kelele apite. Kila modeli ya injini ya treni ya dizeli ikiwekwa mezani mashindanoni, anatokea jaji au mjuzi wa kujitangaza na hukumu ya maneno matatu: "SD40-2 haiko hivyo." Ukimuuliza SD40-2 (aina ya injini ya Kimarekani yenye ekseli sita) ipi, ya shirika gani, namba ngapi, mwaka gani, anakutolea macho. Anahukumu jina. Jina halina pua wala feni. Vitu hivyo viko kwenye injini yenye namba.

SD40-2 ilianza kutoka EMD, kiwanda cha injini za treni cha Marekani, mwaka 1972, na kila shirika la reli lililonunua lilichagua mambo yake: breki ya dainamiki (mota zenyewe kupunguza mwendo) iwepo au isiwepo, tangi la mafuta liwe kubwa au dogo, honi ikae wapi, pua (kisehemu kifupi kinachotokeza kwenye kebini) iwe chini au iinuke. Southern na Norfolk & Western waliagiza zao zikiwa na pua iliyopanda hadi usawa wa paa la kebini. Southern wakaongeza jingine: kwao upande wa boneti ndefu (kifuniko cha mtambo) ndio mbele. Sasa mtu kajenga ya Southern, kaweka ile herufi ndogo F, inayoonyesha mbele ya injini, kwenye fremu upande wa boneti ndefu kama inavyotakiwa. Jaji anamkata alama kwa pua "ya kizamani", anamkata tena kwa F "iliyogeuzwa". Mjenzi yuko sahihi mara mbili, kaadhibiwa mara mbili!

Nenda kwa SD40T-2 (toleo la SD40-2 la mahandaki) za shirika la Southern Pacific. Zipo zenye pua yenye urefu wa inchi 81, zipo za inchi 116. Tofauti ni inchi 35, na kwenye HO, skeli ya modeli ambayo ni 1:87.1, hiyo ni milimita 10 na ushee. Milimita 10 zinaonekana ukiwa umesimama mlangoni, lakini watu wanazipita wakiwa wameinama kuhesabu ribiti.

Bogi nazo ni mateso. (Nikisema bogi nazungumzia fremu yenye ekseli na magurudumu, si behewa, maana najua mtaanza.) GP38-2 (injini ya EMD ya ekseli nne) kwa kawaida inatarajiwa iwe na bogi za Blomberg za toleo la M, ile yenye mpira mahali pa springi za majani na kiatu kimoja cha breki kwa gurudumu. Lakini mashirika yalikuwa yakirudisha injini kuukuu kiwandani, na bogi zake zinasafishwa na kuwekwa chini ya injini mpya ili kupunguza bei. Ndiyo maana GP30 na GP35 za Soo Line zilitembea juu ya bogi zilizotoka kwenye injini za Alco, kiwanda kingine. Mtu asiyejua hilo akiiona modeli yake atasema mjenzi kachanganya vipuri vya makasha mawili. Hajachanganya kitu, shirika lenyewe ndilo lililochanganya.

Na ule "ujanja" wa kuhesabu feni. Ndiyo, GP38-2 ina feni mbili za rejeta na haina turbo, GP40-2 ina tatu na ekzosi moja kubwa ya turbo. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Ila GP40 kadhaa ziling'olewa turbo baadaye na mashirika yakaziita GP38, feni tatu zikabaki pale pale juu ya paa. Kanuni yako imekufa hapo, na picha ya mwaka husika ndiyo itakayoamua.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni upande wa pili wa shilingi: modeli mbovu inayopita kwa sababu imepakwa kutu vizuri. Mfumo wa NMRA (chama cha wajenzi wa modeli za reli cha Marekani) una alama 125: ujenzi 40, undani 20, ulinganifu na injini halisi 25, umaliziaji 25, na vipuri vilivyotengenezwa kwa mkono kuanzia sifuri 15. Kutu na vumbi viko kwenye umaliziaji. Havina nafasi hata nusu kwenye ulinganifu! Lakini jaji anavutiwa na masizi yaliyozunguka ekzosi, anampa mtu 23 za ulinganifu, na chini ya masizi hayo kuna SD40 iliyoandikwa namba ya SD40-2. Fremu ya SD40-2 ni ndefu kwa takribani futi 3 kuliko ya SD40, ilirefushwa kupokea bogi za HT-C, boneti ikabaki karibu na urefu ule ule. Ndiyo maana ina vibaraza virefu mbele na nyuma. Modeli isiyo na vibaraza si SD40-2, hata ukiipaka matope ya miaka 20.

Ninachotaka ni upimaji wenye mpangilio. Kalipa (kipimo cha kubana cha milimita) ya bei ndogo inatosha.

Kwanza mjenzi aseme: shirika, namba, mwaka. Bila hivyo usianze. Kisha pima umbali wa kati ya bogi, kitovu kwa kitovu, kwa sababu hicho ndicho kipimo kisichodanganywa na kiungio wala ngazi. SD40-2 ni futi 43 na inchi 6, yaani milimita 152.2 kwenye HO. GP38-2 ni futi 34, milimita 119. GP7 na GP9 ni futi 31, milimita 108.5. Fuata ekseli kwa ekseli: Blomberg ni futi 9, milimita 31.5. Urefu wote uache wa mwisho. SD40-2 ni futi 68 na inchi 10, inatakiwa itoke milimita 241 hivi, lakini viungio vya modeli husogezwa nje ili injini ikate kona bila kugongana na behewa, kwa hiyo ikizidi milimita 3 usipige mayowe. Pima fremu, bamba la mbele hadi la nyuma, halafu linganisha na mchoro.

Baada ya hapo angalia upana wa boneti. Hapa modeli za zamani za HO ndipo zilipoharibu: boneti ilipanuliwa ili mota iingie, na njia ya kutembea pembeni ikabaki uzi. Hilo halirekebishiki kwa kubandika vipuri, na ni kosa zito kuliko honi kumi zilizokosewa. Vyuma vya kushikia vifuate. Waya wa milimita 0.38 ni sawa na bomba la milimita 33, hapo umefika. Vya plastiki vyenye milimita 0.7 vinageuka kuwa bomba la milimita 61, yaani dereva angekuwa anashika nguzo.

Picha ndiyo silaha ya wavivu. Mtu anachukua picha ya pembeni, anapima gurudumu, anasema "gurudumu ni inchi 40", anakokotoa urefu wa injini nzima. Gurudumu ni inchi 40 likiwa jipya. Likichongwa na kulika hadi 38, umeingiza kosa la asilimia 5, na kwenye modeli ya milimita 241 hilo ni milimita 12. Halafu unamtukana mtengenezaji! Tumia umbali mrefu unaoujua, na picha iwe imepigwa kutoka mbali, kamera ikiitazama katikati ya injini moja kwa moja. Picha ya karibu inavimbisha kilicho mbele ya lenzi na kusinyaza ncha.

Maridhiano ya skeli yahesabiwe pia. Gurudumu la kawaida la HO lina upana wa milimita 2.79, ambao ukikuzwa unakuwa milimita 243, wakati gurudumu halisi liko karibu na 145. Kila modeli inayotembea kwenye reli za kawaida ina kosa hilo. Ukilikata kwa mmoja, likate kwa wote, au nyamaza. Kona yenye nusu kipenyo cha inchi 18 nayo ikikuzwa ni mita 40 tu, injini halisi ya ekseli sita isingepita. Basi usishangae fremu ya bogi imekwanguliwa ndani.

Haya, wenye hoja waje. Wenye "mimi naona tu haiko sawa" wakae nyuma.

—

Mchangiaji #2: Mleta uzi, nakuunga mkono ila umewaachia wajenzi mlango wazi. Jaji hawezi kujua bogi za Soo Line zilitoka wapi kama mjenzi hajaweka karatasi. Picha mbili za namba ileile, moja kila upande, na moja ya paa ikipatikana, ziwekwe pembeni ya modeli. Upande wa kushoto na wa kulia wa injini hizi havifanani. Dirisha dogo la kuonyesha kiwango cha maji la toleo la Dash 2 (zenye "-2" mwishoni mwa jina) liko kulia pekee, ukileta picha ya kushoto hujathibitisha kitu.

Mchangiaji #3: Wa Uingereza mmetusahau. Kwetu OO, skeli yetu ya modeli, ni 1:76.2 ila inapita kwenye reli za milimita 16.5, ambazo ukikuza unapata futi 4 na inchi moja na nusu badala ya futi 4 na inchi 8 na nusu. Kila Class 37 (injini ya dizeli ya Uingereza) inaonekana imebana miguu ukiitazama kwa mbele. Anayelilia hilo ahamie P4, kipimo cha reli za modeli chenye milimita 18.83, atuache. Bora mhukumu masanduku ya namba ya treni kwenye pua: za mwanzo zina mawili yaliyotengana na mlango katikati, za baadaye sanduku moja la katikati. Nimeona ganda la sanduku moja lenye namba D6700. Hiyo haihitaji hata kalipa.

Mleta uzi: #2 umenena, karatasi ni lazima, na asiyeleta apewe alama za ulinganifu kwa kile kinachoweza kuthibitishwa tu. #3, D6700 ndiyo ya kwanza kabisa ya aina yake! Hiyo jaji akiipitisha arudishe kalamu.

Mchangiaji #4: Na rangi je? Watu wanalinganisha modeli chini ya taa ya njano na picha ya filamu iliyofifia, halafu wanasema buluu imekosewa.

Mleta uzi: Mkuu, weka modeli na kipande cha rangi ya sampuli chini ya taa moja nyeupe, au kivulini nje mchana. Picha iache kwenye bahasha. Itakusaidia kujua mstari unapita juu au chini ya bawaba ya mlango, rangi haitakuambia.